Mguu Uliokataa Maji

Juzi binti yangu alikuwa akimpaka mwanawe mafuta ya nyonyo kichwani, yale ambayo kwetu tunayaita mafuta ya mbarika, nami nikainuka nikatoka nje. Akanifuata uani kuniuliza kama harufu inanibana kifua. Nikamwambia ndiyo, inanibana kifua, maana ni rahisi kumdanganya mtoto kwa ugonjwa kuliko kumweleza aibu. Lakini nyinyi wa rika langu, mliozaliwa wakati wa Wabelgiji, mliowahi kukimbia barabarani kuipungia mkono kamioni ya pamba, labda mtanielewa bila kunicheka sana. Na mkicheka, chekeni tu, nimezoea.

Baba yangu, Asumani, alikuwa shofere. Siku hizi mtu akisema baba yake aliendesha gari hakuna anayegeuza shingo, lakini katika Kasongo ya utoto wangu shofere alikuwa mtu na nusu. Aliendesha kamioni ya mzungu mmoja mnunuzi wa pamba, ambaye watu walimpachika jina la Bwana Miwani kwa sababu alivua miwani yake na kuifuta kila alipotaka kukasirika. Baba alikwenda Kabambare, akapitia Wamaza, akarudi na marobota yamepangwa hadi juu, na sisi watoto tuliutambua mlio wa kamioni yake kabla haijaonekana. Mimi nilikuwa wa kwanza kutimua mbio. Nilitaka kila mtu ajue kwamba yule anayepiga honi ananipigia mimi.

Kamioni hiyo ilikuwa mpya, na ilikuwa na jambo ambalo mashofere wengine walikuja kulitazama kwa kijicho: klachi yake ilikuwa ya mafuta. Katika magari waliyoyazoea, mguu ulisukuma chuma, na chuma kikavuta chuma kingine. Hii haikuwa hivyo. Baba alinieleza siku moja akiwa amefungua boneti, akinionyesha kikopo kidogo cha mafuta na kimrija kilichoshuka kutoka hapo hadi chini karibu na gia.

"Muguu yangu haisukume chuma, Feza. Inasukuma mafuta, mafuta inapita humu, inaenda kusukuma kile chuma kule chini. Mafuta ikipunguka, ama hewa ikiingia, muguu inakanyaga bure."

Kwa akili yangu ya kitoto nilielewa kwamba gari lina damu, na kwamba baba ndiye anayeifanya itembee. Niliieleza habari hiyo chuoni, tulikosomea Kurani, mpaka wenzangu wakanikimbia.

Alikuwa na desturi zake. Viatu alivivua kabla ya kupanda, akavitundika kwenye msumari nyuma ya kiti, akaendesha pekupeku. Yeye alisema mguu ulio wazi unalisikia gari vizuri zaidi. Mama alisema ni ubahili, anaogopa soli zitaisha. Na kila alipofika, kabla hajaikabidhi kamioni gereji, aliipangusa kabini yote kwa kitambaa chenye maji: sakafu, pedali, usukani, hata vipini vya milango. Njiani mvua ikimkuta alisali humohumo kabini, na hakutaka kusujudu juu ya uchafu. Sakafu ile ungeweza kumwaga ugali ukala. Usafi huo ndio uliokuja kumponza, ingawa wakati ule ulikuwa sifa yake kubwa.

Nyumbani kazi yangu ilikuwa birika. Baba akirudi alikaa juu ya kigoda, akakunja suruali, nami nikammiminia maji ya udhu: mikono, kinywa, uso, na mwisho miguu. Ndugu zangu waliniachia kazi hiyo kwa sababu nilimng'ata yeyote aliyeligusa birika langu. Visigino vya baba vilikuwa vimepasuka vibaya, na mama alivipaka mafuta ya mbarika aliyoyakamua mwenyewe, kila jioni baba alipokuwa nyumbani, miguu yote miwili. Nyumba nzima ilinuka mbarika. Kwa hiyo hakuna aliyestuka nilipoanza kuona kwamba maji hayakai juu ya mguu wake wa kushoto.

Mguu wa kulia ulilowa kama mguu wa mtu yeyote. Wa kushoto, hasa huku mbele kwenye vidole na juu ya wayo, maji yalikatika vipandevipande, yakateleza, yakaanguka, na ngozi ikabaki inang'aa utadhani sikumwaga kitu. Baba alichota majivu jikoni, akausugua, nikamwaga tena, ndipo maji yakakubali.

"Mama Feza, hii mafuta yako inakatala kutoka," alisema.

"Juu ya nini inakatala kwa muguu mumoja tu?"

"Hii ya kushoto njo ya ambreyaje. Inafanya kazi mingi, inavuta mafuta."

Ambreyaje ndiyo klachi, kwa Kifaransa chetu cha gereji. Jibu hilo lilitutosha sote. Mguu wenyewe ulizidi kuwa laini, bila ufa hata mmoja, na mama akawa anamtania kwamba ana mguu mmoja wa bwana arusi na mmoja wa mkulima wa pamba. Tulicheka, na baba akaunyoosha ule wa bwana arusi ili tuusifu vizuri.

Kisha kamioni ikaanza kuugua. Baba alikanyaga klachi, pedali ikazama hadi sakafuni bila kushika kitu, akaipiga tena na tena ndipo ikashika. Alipotia gia ya kwanza, gia zilipiga kelele. Mara nyingine gari lilitaka kwenda lenyewe, na mguu wake uko chini kabisa. Akaipeleka kwa fundi Amisi, aliyetengeneza magari yote ya Bwana Miwani na ambaye tulisali naye msikiti mmoja. Fundi alifungua boneti akakuta kikopo cha mafuta kinakaribia kukauka. Alikijaza, akafungua kiskurubu kule chini, akamwambia baba akanyage na kuachia, akanyage na kuachia, hewa ikatoka kwa mapovu, akafunga. Pedali ikawa ngumu, nzuri. Baada ya safari moja, hadithi ikawa ileile.

Fundi Amisi hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikwenda chini ya gari akaitazama silinda ndogo inayosukuma chuma cha klachi: pakavu. Aliupapasa mrija wote kwa vidole: mkavu. Alitandaza gunia jeupe chini ya kamioni jioni, na asubuhi halikuwa na hata tone. Mafuta yanapungua, lakini hayaonekani yanakokwenda. Bwana Miwani akampa baba bidoni, dumu dogo la mafuta ya kuongezea njiani, na bidoni hiyo nayo ikaisha mapema kuliko alivyotarajia.

Balaa lilitokea kwenye kivuko cha Luama. Baba alikuwa akiipandisha kamioni polepole juu ya mbao za kivuko, akakanyaga klachi ili asimame, pedali ikazama bure. Kamioni ikaruka mbele. Alishindilia breki hadi injini ikazimika, lakini magurudumu ya mbele yalikuwa yameshapita ukingo na marobota yakaanguka mtoni. Namshukuru Mungu hakufa mtu. Kamioni ilipokwisha kuvutwa hadi Kasongo, Bwana Miwani alikuja gereji, akaifungua ile bidoni tupu, akainusa, kisha akavua miwani.

Nyinyi mliofanya kazi gereji zama zile mnakumbuka: mafuta ya breki, ambayo ndiyo yaliyotiwa pia kwenye klachi za namna ile, yalikuwa mafuta ya nyonyo yaliyochanganywa na spiriti. Ukifungua bidoni, harufu ya ulevi inakupiga puani. Nasi weusi tulikuwa tumekatazwa pombe kali ya wazungu, na wazungu wenyewe walipenda kusimuliana jinsi watu wetu wanavyoitafuta popote, hata ndani ya chupa za dawa. Bwana Miwani akaunganisha hili na lile.

"Mafuta haina mabawa," alisema mbele ya watu wote. "Chini ya gari, kukavu. Bidoni, tupu. Asumani iko nakunywa."

"Bwana, miye niko Muislamu," baba alijibu. "Hata pombe ya ndizi sijaonjaka. Nitakunywa mafuta ya gari?"

Waliokuwapo walicheka. Baba alidhani wanamcheka mzungu. Kumbe kicheko kile kilitoka gereji kikazunguka mji mzima, na jibu la baba likabaki palepale lilipotamkwa.

Chuoni mvulana mmoja alikuwa akitembea nyuma yangu akiunguruma kama injini huku akipepesuka. "Feza, baba yako alikunywa ambreyaje!" Wote walivunjika mbavu. Ningeweza kumrushia jiwe, na mkono wangu ulikuwa mzuri kwa mawe, lakini nilitazama chini. Msikitini, mama alitusimulia huku akilia, watu waliokuwa wakigusana na baba mabega katika safu walikuwa wanaacha nafasi kati yake na wao. Baba hakulia. Alivaa kanzu yake safi, akaenda, akasimama na nafasi yake kushoto na kulia, akarudi nyumbani akitutania kama kawaida.

Mwanzoni sikuamini neno hata moja la mzungu yule. Kilichonigeuza ni maji. Mwalimu Saidi, aliyetufundisha chuoni na kutuongozea sala, alikuwa ametueleza kwamba Siku ya Kiyama vinywa vitafungwa, na mikono na miguu ndiyo itakayosema kila kitu alichofanya mwenyewe. Somo hilo lilinitisha sana; nilianza kuitazama mikono yangu kwa wasiwasi, kwa sababu ya sukari ya mama niliyokuwa nikiidokoa. Basi jioni moja baba alirudi, akakunja suruali, nikamwaga, na maji yakaukimbia mguu wake wa kushoto kama siku zote. Lakini siku hiyo sikuona mafuta ya mama. Niliona mguu ulioshindwa kungoja Kiyama. Kinywa cha baba kilisema hakunywa, na mguu wake ulikuwa unakataa maji ya udhu mbele ya macho yangu. Nikainama nikaunusa. Ulinuka mbarika, na chini ya mbarika mlikuwa na ile harufu kali ya bidoni.

Tangu hapo nilimwonea baba yangu haya. Sijui niliseme vipi jambo hili ili lisikike dogo, na sidhani kama ni dogo. Honi ilipolia barabarani, nilijificha nyuma ya nyumba, nikaziba masikio, nikaomba asiipige tena. Alipoinama kunisalimu nilivuta hewa kwa pua kama anayetafuta moshi.

"Weye mutoto, unanusa baba yako sawa imbwa?" mama alinikemea.

Baba akacheka, akanipulizia pumzi usoni kwa mzaha. Ilinuka karanga. Mtu mwenye akili angetulia hapo, lakini mimi nilikuwa na jibu tayari: amekula karanga ili kuficha. Mtoto akishaamua kumhukumu mtu hakosi ushahidi, na mimi nilikuwa nao kila jioni, nikiumimina kwa mkono wangu mwenyewe. Nilichukia kuitwa Feza wa Asumani. Mtu aliponiuliza njiani mimi ni mtoto wa nani, nilitaja jina la mama.

Bwana Miwani alisikia kwamba watu wa msikiti wanauogopa Msahafu kuliko wanavyoliogopa gereza la wazungu. Akamwita Mwalimu Saidi na kumwambia anachotaka: Asumani aape mbele ya watu wake, Ijumaa, kwamba hakunywa. Akiapa, atabaki na usukani. Akikataa, hatagusa gari tena, wala la kwake wala la mzungu mwingine yeyote, maana wote watapewa habari. Mwalimu hakupenda jambo la dini kuamriwa na mtu wa pamba, lakini baba alikubali papo hapo. Mama alipiga kigelegele kimoja kidogo, cha ndani. Aliona mambo yamekwisha.

Mimi niliona yanaanza. Hakuna mtoto wa Kasongo asiyejua kwamba anayeapa uongo akiwa ameshika Msahafu hafiki mbali. Tulitajiana majina ya walioapa wakaanguka njiani kabla ya kufika kwao. Nilijiambia kwamba baba amekunywa, anaona haya kukiri, na kwa sababu ya haya hiyo atashika Msahafu, na atakufa. Pamba haikungoja kiapo, kwa hiyo alikwenda Wamaza kuichukua kabla ya Ijumaa hiyo, na siku zote alizokuwa safarini sikula vizuri. Nilimpenda sana. Lisomeni hilo pamoja na mengine.

Ijumaa alifika adhuhuri, amechelewa, akapitiliza na kamioni moja kwa moja hadi msikitini akaiegesha kando ya barabara, marobota yakiwa bado juu. Mama alikuwa amenituma na birika na kanzu yake. Wanaume walikuwa wamejaa uani, wengi kuliko Ijumaa za kawaida, kwa sababu wengine walifuata sala na wengine walifuata kiapo. Mwalimu Saidi alisimama mlangoni na Msahafu umefungwa kwa kitambaa. Fundi Amisi alikuwapo. Bwana Miwani alisimama ng'ambo ya barabara, kofia kichwani, akitusubiri.

Baba aliketi juu ya jiwe, akakunja suruali. "Haya, Feza," alisema, kwa sauti yake ya nyumbani. Nikamwaga. Mikono, kinywa, uso. Nikamwagia mguu wa kulia, ukalowa. Nikamwagia wa kushoto, na maji yakakatika, yakateleza, yakaanguka mchangani. Baba aliusugua kwa kiganja.

"Mwanga tena."

Nikamwaga tena, na yakaanguka tena. Baba akatazama huku na huku akitafuta majivu, hakuyaona, akainama kuchota mchanga ili ausugue upesi. Watu walikuwa wanangoja. Niliona amekusudia, niliona baada ya mguu huo kinachofuata ni Msahafu, na birika likaniponyoka.

"Baba, usiape! Utakufa! Muguu yako inakatala maji!"

Sikujua nina sauti kubwa kiasi hicho. Baba aliinua uso akanitazama, na laiti angekasirika. Uso wake ulilegea tu. Alikuwa amevumilia kicheko cha mji mzima, na nafasi zile za kushoto na kulia, kwa sababu alijua kwamba nyumbani kwake hakuna anayeamini uvumi ule. Sasa alijua kwamba yupo.

Mwalimu Saidi ndiye aliyesogea. Kwake lilikuwa suala la udhu kwanza. "Inakatala maji namna gani?" aliuliza, akaliokota birika, akamimina maji yaliyobaki juu ya mguu wa baba. Yakateleza. Akapitisha kidole juu ya ngozi. "Asumani, iko mafuta hapa. Maji haifike kwa ngozi, na udhu haishike. Hii mafuta ya nini?"

"Mama Feza ananipakaka mbarika," baba alisema, bado ananitazama mimi.

"Alikupaka leo?"

Baba akautazama ule mguu. "Hapana," alisema. "Niko natoka safari. Toka siku ile niliondoka, hajanipaka."

Fundi Amisi alikuwa amepenya kati ya watu, akapiga magoti. Aliugusa mguu wa kushoto, akakinusa kidole chake, akakinusa tena. Akaugusa wa kulia. "Hii ya kuume iko kukavu," alisema kama anayejisemea. Akautazama mguu, akaitazama kamioni barabarani, akaurudia mguu. "Hii muguu inakanyaga nini?" Hakungoja kujibiwa. Aliinuka akaipandisha kanzu yake hadi magotini, akakimbia, na uwanja wote ukamfuata, nami nikachukuliwa na watu kama jani.

Alichomoa pamba kidogo kutoka kwenye robota, akajilaza kwenye sakafu ya kabini, kichwa chini ya usukani, mahali ambapo pedali inashikana na kile chuma chembamba kinachoingia ukutani kusukuma mafuta. Akakizungushia ile pamba. "Asumani, kuya ukanyage," aliita. Baba akapanda na mguu wake mtupu. "Kanyaga. Achia. Kanyaga. Achia." Kisha fundi akatoka na pamba ikiwa juu ya kiganja, akaiinua ili kila mtu aone. Ilikuwa imelowa, ina rangi ya chai nyepesi, inanuka mbarika na spiriti.

"Njo hapa," alisema. "Mupira wa ndani, huku juu, umechoka. Akikanyaga, mafuta inarudi nyuma, inafuata chuma, inashuka na pedali mpaka kwa muguu yake. Gari ikisimama, hakuna mutu anakanyaga, basi haitoke kitu. Na miye niliangaliaka chini siku zote!" Akajipiga kofi kwenye paji la uso. Na kidogo kilichobaki juu ya pedali na sakafu, baba mwenyewe alikipangusa kwa kitambaa chake kila alipofika, kabla hajampa fundi gari. Mguu wake ulikuwa umekunywa kile alichosingiziwa kukinywa yeye.

Bwana Miwani alivuka barabara, akaichukua pamba, akainusa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Bon," alisema, yaani vema, kisha akamwuliza fundi mpira mpya utachukua muda gani kufika. Kuhusu neno alilolieneza mjini hakusema chochote. Watu wengine walisema mengi. Wale walioacha nafasi katika safu walimkumbatia baba hadi kanzu ikakunjamana. Mimi niliinuliwa juu, nikapitishwa kutoka mikono hadi mikono. Mutoto amemuokoa baba yake! Mutoto ameona kile fundi hakuona! Yule mvulana wa chuoni alinitazama kwa heshima. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani, na nimepitia mengi. Watu wote wale walikuwa wamesikia nilichosema, na wakakumbuka habari ya mguu tu. Sehemu ya kwanza, ile ya usiape, utakufa, haikubaki na mtu isipokuwa mimi na baba.

Tuliporudi uani Mwalimu Saidi alisema, "Mambo imeisha, Asumani. Kiapo haina kazi tena. Sugua muguu, tuingie tusali."

"Nitaapa," baba alisema.

"Kwa nani? Muzungu amekwisha kuenda."

"Iko mutu mumoja bado."

Majivu yakaletwa kutoka nyumba ya jirani, birika likajazwa. "Feza, kamata," baba aliniambia. Akausugua mguu mpaka ukapauka, nikamwaga, na maji yakatulia juu ya ngozi, yakaingia katikati ya vidole. Kisha akasimama, akauweka mkono juu ya Msahafu, akaapa kwa Kiarabu kama ilivyo desturi, wallahi, wanaume wote wakaitikia. Walidhani amemaliza. Akanigeukia mimi, mkono wake bado uko palepale, akaanza upya kwa Kibangubangu, lugha ya kwao mama, ambayo nyumbani aliitumia nilipokuwa na homa na anataka nilale. Wengi pale hawakuielewa, wakadhani anawaheshimu wakwe. Alisema taratibu, neno baada ya neno, kwamba hakuonja, hajawahi kuonja, na kama anasema uongo afe leo kabla ya jua kuzama. Alinitazama machoni mpaka mwisho, akihakikisha kwamba kila neno limenifikia, nami nikiwa nimesimama na birika tupu mbele ya watu waliokuwa bado wananisifu, naapiwa na baba yangu.